Mzunguko wa chaneli si lazima ulete mkwamo

Wengi wanaosoma kompyuta sambamba hufundishwa kwamba mtandao ukiruhusu pakiti (kipande cha data kinachosafirishwa) kuchagua njia kulingana na msongamano, lazima kila mzunguko wa chaneli (nyaya pamoja na nafasi zake za kusubiria) zinazosubiriana ukatwe, la sivyo pakiti zitakwama milele. Sivyo. Watafiti Dally na Seitz walithibitisha sharti hilo mwaka 1987 kwa njia zilizopangwa kabisa, ambako pakiti haina chaguo. Mwaka 1993 mtafiti Duato alionyesha kwamba penye chaguo mizunguko inavumilika, mradi pakiti iwe na mlango wa kutokea wakati wote.

Chukua gridi ya ruta (vifaa vinavyoelekeza pakiti) yenye pande mbili, X na Y. Kila waya upe bafa mbili, yaani nafasi za pakiti kusubiri. Bafa A ni huru: pakiti huelekea upande wowote unaoisogeza karibu na iendako. Bafa B ni ya dharura: mhimili wa X humalizwa kwanza, ndipo Y. A zikijaa, pakiti huomba B. Na kwa kuwa B hazina mzunguko, daima kuna inayosogea.

Kosa la kawaida ni ruta kuifunga pakiti isubiri A moja tu. Hapo kinga yote imepotea, hata B ikiwa tupu.

Kosa jingine ni kunakili mpango huu kwenye torasi, yaani gridi ambayo ncha zake zimeunganishwa, ambako waya wa kurudi hugeuza mstari wa X wenyewe kuwa duara. Kompyuta kuu ya IBM, Blue Gene/L, yenye torasi ya pande tatu, ilizuia pakiti kuingia duara la dharura isipobaki nafasi ya pakiti nzima nyingine.