Shauri la bomani, maana yake nini hasa

Bibi yangu wa Kalenga akiitwa ofisi ya kata hata kwa kitambulisho tu, atakwambia "nimeitwa bomani shauri", anafunga kitenge kipya na njia nzima haongei. Nilikuwa nacheka, sicheki tena.

Shauri ni neno letu, ila Wajerumani walilichukua likaingia mpaka kwenye maandishi yao ya serikali, na kwao lilibeba mambo mawili kwa mpigo, kikao cha kusikiliza wenyeji na kesi. Yaani unaitwa kutoa maoni palepale unapohukumiwa. Na Iringa ilikuwa wilaya ya kijeshi, mpaka vita vya 1914 vinaanza zilikuwa zimebaki mbili tu koloni zima, sisi na Mahenge, kwa hiyo mkuu wa kituo ndo hakimu, ndo wa kodi, na ndo huyohuyo anayeuliza mnaonaje. Mzee anaongea Kihehe, mkalimani anageuza kwa anavyojua yeye, askari wa bunduki yuko pembeni. Hapo nani aseme hapana?

Tuwe wakweli lakini, kwenye ugomvi wa ng'ombe au mahari wazee walisikilizwa, maana mzungu mila hazijui, atafanyaje. Shida ni likija la nani atawale. Mwisho wa 1896 Tom von Prince, yule ofisa wa jeshi la Wajerumani waliyemwita Bwana Sakarani, alimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyekuwa anapigana nao, akidhani sasa Wahehe watatulia, kufika mwanzoni mwa 1897 Wajerumani wakamuua wenyewe kwa madai kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri. Mtu waliyemweka wao!

Halafu sasa, kichwa cha Mkwawa kilitangaziwa rupia 5000, hela ambayo mwanakijiji hata kuihesabu ni kazi. Kalenga, ngome yake, ilishaanguka tangu Oktoba 1894, ila jamaa alizunguka porini karibu miaka minne, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi mwenyewe ili wasimshike hai. Miaka yote hiyo alikuwa anakula nini, na nani alikuwa anampa habari kwamba askari wanakuja? Wengine ni haohao waliokuwa wanaitwa bomani mchana wanaitikia "ndiyo bwana", usiku ugali unatoka kuelekea porini.