Je, wajua kwa nini ekseli inayoingia bila shida inaweza kuvunja pikapu yako?

Ukizunguka Birere, mtaa wa biashara mjini Goma, kutafuta ekseli ya nyuma ya Hilux ya zamani, hutakosa inayofanana na yako: upana uleule, nati sita kila gurudumu, makalio ya springi (vyuma springi inapokalia) palepale. Fundi ataifunga asubuhi, jioni gari linatembea. Balaa linakuja siku utakapotia 4x4.

Kiini chake kimejificha ndani ya difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazopokea mzunguko wa kardani, shafti ndefu itokayo kwenye giaboksi. Difu ya 4.1 maana yake kardani huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Hilux hizo zilitoka kiwandani na 4.1, 4.3, 4.556, hata 4.875, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Sasa chukua nyuma 4.3, mbele ibaki 4.1. Ukitia 4x4, kardani zote mbili hufungwa pamoja zizunguke sawasawa, wala katikati hakuna difu ya kusawazisha. Kila mita 100, magurudumu ya mbele yanataka kuyatangulia ya nyuma kwa karibu mita 5. Kwenye tope la kwenda Masisi tairi zinateleza, hutajua kitu. Kwenye mawe makavu ya lava au kwenye lami hazitelezi kirahisi, kwa hiyo nguvu inajikaza ndani ya vyuma: leva ya 4x4 inagoma kutoka, kisha kinakatika kilicho dhaifu kuliko vyote, iwe msalaba wa kardani, shafti au jointi ya gurudumu la mbele. Halafu lawama zinaishia kwa barabara.

Kwa hiyo hesabu kabla ya kulipa. Ekseli ikiwa chini kwa muuzaji, mtu mmoja ashike ngoma ya breki ya upande mmoja isisogee. Weka alama ya chokaa kwenye ngoma ya pili na kwenye flanji ya kardani (sahani ya difu inapofungwa kardani), kisha zungusha ngoma hiyo mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu flanji. Kwa kuwa upande mmoja umeshikwa, mizunguko 20 ya ngoma ni sawa na 10 ya difu yenyewe. Flanji ikizunguka mara 41, hiyo ni 4.1, mara 43, ni 4.3, mara 45 na nusu, ni 4.556, ikikaribia 49, ni 4.875. Usizungushe mara mbili tu ukaridhika: 4.1 na 4.3 hapo hupishana kwa moja ya tano ya mzunguko, na jicho hudanganya. Kipimo hiki hakifai kwa difu iliyochomelewa, yaani iliyounganishwa gia zake za ndani kwa welding, maana ukishika upande mmoja, wa pili nao haugeuki. Hapo fungua difu uhesabu meno: 41 kwa 10 ni 4.1, 41 kwa 9 ni 4.556.

Ekseli ya mbele ya gari lako nayo ipimwe hivyohivyo. Toa 4x4, funga (lock) habu za mbele, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua gurudumu moja tu la mbele kwa jeki, kisha lizungushe. Usitegemee kibati cha kiwandani peke yake. Gari la miaka 30 huenda lilishabadilishwa ekseli kabla halijakufikia.

Uwiano wa mbele na wa nyuma ukilingana, vuta shafti uzitazame. Meno ya mwisho wa shafti yawe yamenyooka kabisa. Yakijipinda hata kidogo, kama kamba iliyosokotwa, chuma hicho kimeshazidiwa nguvu na kitakatika mlimani. Pitisha ukucha mahali sili (mpira wa kuzuia oili) inapokaa: ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya nayo itavuja, na oili itafika kwenye breki.

Shafti ya nyuma ya Hilux inazungusha gurudumu na papo hapo inabeba uzito wa gari. Ya Land Cruiser HZJ75 au HZJ79 inazungusha tu. Uzito unakaa kwenye beringi za habu, kwa hiyo ikikatika unaweza kuichomoa ukarudi nyumbani kwa magurudumu ya mbele. Ndiyo maana wabeba viazi huitamani. Lakini makalio ya springi yanahitaji kukatwa na kuchomelewa upya, na zile za HZJ79 za kuanzia 1999 zina nati tano badala ya sita. Utabeba spea mbili. Kwa pikapu isiyopakia kupita kiasi, sioni faida.

Kuhusu kuchomelea difu ili isikwame: difu ya kawaida hugawa nguvu nusu kwa nusu. Ukiichomelea, gurudumu moja likining'inia hewani, nguvu yote huishia kwenye shafti ya upande wa pili. Umeiongezea mzigo maradufu, halafu unashangaa inakatika.

Kabla ya kuifunga, puliza kipumulio, kitundu cha kutolea hewa kilicho juu ya gamba la ekseli. Kikiziba, oili ikipata moto husukuma sili. Na ukiingia mtoni ekseli ikiwa ya moto, hewa ya ndani hunywea na maji hufyonzwa kupitia sili hizohizo. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ni maji. Imwage yote, weka oili ya difu ya 80W-90, daraja la GL-5, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.