Kelele za watazamaji hazikumfufua Brian

Kwenye mabanda ya video ya Ngamiani, Tanga, utasikia kwamba Brian, yule mbwa wa katuni ya Family Guy, alirudishwa kwa sababu watazamaji walilalamika. Si ajabu watu kuamini hivyo: malalamiko yalikuwepo kweli, tena mengi. Ila tazama tarehe. Aligongwa na gari katika kipindi cha Novemba 24, 2013. Desemba 15 akarudi, Stewie, mtoto mchanga wa katuni hiyo, akiwa amesafiri hadi wakati uliopita kumwokoa. Wiki tatu tu! Kipindi kimoja cha katuni ya namna hiyo, kuanzia kuandikwa, kurekodiwa sauti hadi kuchorwa, huchukua miezi mingi. Kurudi kwake kulishaandaliwa kabla hajafa. Dai kama hili linganisha na tarehe za kurushwa; zipo mtandaoni, bando dogo linatosha.