Hospitali inapoacha majalada: dhana potofu kuhusu kuhamia kwenye mfumo wa kompyuta

"Wanaokataa mfumo ni wazee wasiojua kompyuta."

Mwaka 2002 hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, iliwasha mfumo uliowataka madaktari waandike maagizo ya dawa na vipimo kwenye kompyuta. Uligharimu takribani dola milioni 34. Januari 2003, baada ya miezi michache tu, ulizimwa kwa sababu mamia ya madaktari walikuja juu. Hao ni madaktari bingwa wa hospitali tajiri, na kompyuta hazikuwa ngeni kwao. Kilichowachosha ni muda: agizo la mstari mmoja wa kalamu sasa lilitaka skrini moja baada ya nyingine.

Kwetu jambo hilohilo huja kwa sura ya rejista. Muuguzi anaingiza taarifa za mgonjwa kwenye GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali ya Tanzania kwa vituo vya afya, kisha anaziandika upya kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejista za karatasi za taarifa za huduma za afya, kwa kuwa hajaambiwa rasmi ni kitabu kipi kimefungwa na kipi bado kinadaiwa. Kazi imekuwa mbili, mshahara ni uleule. Akinuna, huitwa mpinga maendeleo.

Kabla ya kuwasha mfumo, pita kila kitengo na karatasi yenye safu mbili: nani anaongezewa kazi, nani anapata nafuu. Mara nyingi utakuta anayeongezewa ni muuguzi na daktari wa OPD (wagonjwa wa nje), na anayepata nafuu ni mhasibu na mganga mfawidhi wanaosubiri ripoti. Kisha shika saa. Mgonjwa mmoja akiongeza dakika 2 na daktari anaona wagonjwa 60 kwa siku, hizo ni saa 2 ambazo hazipo kwenye zamu yake. Tiba yake ni kupunguza visanduku vya lazima kujazwa, au kumpa karani wa kuingiza vipimo vya awali. Hotuba ya hamasa haipunguzi hata dakika moja.

Wapo pia wanaokataa kwa sababu malipo kwa namba ya kumbukumbu yamefunga mianya ya fedha taslimu. Kuwatofautisha si kazi ngumu. Mwenye shida ya kweli atakuonyesha skrini na kitufe kinachomkwamisha. Yule mwingine analalamikia "mtandao" tu, na mtandao wake hukatika zaidi kwenye dirisha la malipo.

"Semina ya siku mbili inatosha."

Semina iliyofanyika miezi miwili kabla imeshasahaulika. Fundisha ndani ya wiki mbili za mwisho, kwa vipindi vya saa 2 hadi 3, kila kada na skrini zake: mfamasia hana haja ya kukaa akiangalia mapokezi. Tumia wagonjwa wa kubuni, na mtu asipewe nywila mpaka amalize mwenyewe safari nzima ya mgonjwa kwenye eneo lake. Chagua mtu mmoja kwa kila wafanyakazi 8 hadi 10 awe msaidizi wa wenzake, na umwondoe kwenye ratiba ya kawaida wiki ya kwanza. Zamu ya usiku ndiyo husahaulika kila mara. Wasiofunzwa huazima nywila ya mwenzao, na ndani ya mwezi kitengo kizima kinaandika kwa jina la mtu mmoja. Hapo hujui tena nani aliagiza dawa gani.

"Kutumia karatasi na kompyuta kwa pamoja ndiyo salama zaidi."

Inategemea kazi. Kwa mishahara, ndiyo: endesha mifumo yote miwili kwa miezi miwili, linganisha jina kwa jina, na kila tofauti ielezwe kabla ya kuzima wa zamani. Kwa OPD na stoo ya dawa, hapana. Watu wataamini karatasi, kompyuta itajazwa jioni kwa kukisia, na mwisho leja itasema kopo 40 huku mfumo ukisema 65. Weka tarehe ya kufunga karatasi, isizidi wiki mbili, tangaza kwa barua ni rejista zipi zinabaki, na siku hiyo zile zilizofungwa ziondolewe mezani. Ikibaki pale, itaandikwa.

"Tuwashe kote kwa mara moja, watazoea."

Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha taarifa za wateja milioni 5.2 kwenda mfumo mpya katika wikiendi moja. Wateja wengi walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, mtendaji mkuu akaondoka Septemba mwaka huohuo, na Desemba 2022 wasimamizi waliitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Anza na kitengo kimoja chenye mtiririko mfupi, kisha endelea. Epuka Jumatatu, mwisho wa mwezi na wiki za mwisho za Juni, wakati mwaka wa fedha wa serikali unafungwa. Kliniki za miadi zipunguzwe nusu wiki ya kwanza. Stoo ihesabiwe usiku wa kuamkia siku yenyewe. Hesabu ya wiki iliyopita haifai. Majina yasafishwe mapema, maana Mwajuma Saidi na Mwanajuma Said huenda ni mtu mmoja mwenye majalada mawili, na hilo fundi hawezi kuliamua. Analijua karani wa masijala.

"Mfumo ukikatika tutasubiri urudi."

Mgonjwa wa dharura hasubiri. Kila kitengo kiwe na fomu zilizochapwa tayari, seti 50 hivi, na jina la anayetangaza kuhamia karatasi baada ya dakika 15. Taarifa ziingizwe ndani ya saa 24, na mhusika aandikwe kwenye zamu. Fanya zoezi moja la kuzima kwa makusudi kabla ya siku ya kuwasha. Kwenye zoezi hilo ndipo hujulikana kwamba fomu zimefungiwa kabati ambalo ufunguo wake umekwenda likizo.

"Wengi wanaingia kwenye mfumo, basi umefanikiwa."

Kuingia kunaonyesha tu kwamba kompyuta ziliwashwa. Hesabu wagonjwa walioonwa bila utambuzi wa ugonjwa kuandikwa, risiti za mkono zilizotolewa, na dawa ambazo hesabu yake haifanani na rafu. Zipime kila Ijumaa kwa miezi mitatu, kitengo kwa kitengo. Namba ikigoma kushuka mahali fulani, rudi pale na saa mkononi.