Udongo ndani ya tando za polima: angalia mtawanyiko kabla ya asilimia

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu kuimarisha tando za polima, yaani karatasi nyembamba za plastiki au za vitu kama wanga, kwa udongo ni hili: tutie asilimia ngapi? Mimi huanzia kwingine. Je, matabaka ya udongo yameachana?

Udongo unaotumika sana ni montmoriloniti, madini yaliyojaa katika bentoniti. Tabaka lake moja lina unene wa takriban nanomita 1 tu, ilhali upana wake waweza kufika mamia ya nanomita. Matabaka hulaliana kama kurasa za kitabu, yakishikwa na ayoni za sodiamu au kalisi zilizo kati yake. Yakitengana yote, gramu 1 hufunua uso wa zaidi ya mita za mraba 700, na huo ndio uso unaoshikana na minyororo ya polima na kupokea mzigo utando unapovutwa. Yasipotengana, umetia kijazio cha kawaida.

Watafiti wa Toyota nchini Japani walilithibitisha hili mwishoni mwa miaka ya 1980. Nailoni 6, aina ya plastiki, yenye udongo wa takriban asilimia 4 ilipanda nguvu ya mvuto kutoka megapaskali 69 hadi 107, na ukakamavu kutoka gigapaskali 1.1 hadi 2.1. Siri haikuwa wingi wa udongo: waliingiza monoma, yaani molekuli ndogo zinazojenga polima, kati ya matabaka, kisha ikajiunga kuwa polima humo humo na kuyasukuma yaachane.

Kuzuia gesi ndiko kunakonivutia zaidi. Oksijeni haipenyi bamba la udongo; hulazimika kulizunguka. Kwa hesabu aliyoitoa mtafiti Nielsen mwaka 1967, mabamba yaliyolala sambamba na utando, yenye upana mara 100 ya unene na yakichukua asilimia 2 ya ujazo, huifanya njia ya gesi kuwa ndefu mara mbili. Udongo ule ule ukibaki katika mafungu ambayo upana wake ni mara 10 tu ya unene, njia hurefuka kwa asilimia 10. Tofauti yote hiyo imetokana na mtawanyiko.

Basi unayatenganishaje? Kwa wanga au kitosani, polima zinazopatana na maji, udongo wa sodiamu hufaa ulivyo. Uloweshe kwanza, uukoroge mpaka uvimbe vizuri, ndipo uongeze polima. Plastiki ya polipropilini haipatani na udongo huo kabisa: sodiamu hubadilishwa kwa ayoni za amoniamu zenye mkia mrefu wa kaboni, na mara nyingi huongezwa polipropilini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki ili iwe kiunganishi. Chunga joto, kwani mikia hiyo huanza kuvunjika karibu na nyuzi 200 za Selsiasi, halijoto ambayo plastiki nyingi huyeyushiwa.

Katika vipimo, naomba sana tusiridhike na eksirei peke yake. Matabaka yaliyopangika huonekana kama kilele kwenye grafu ya eksirei. Kilele hicho kikihamia pembe ndogo, polima imeingia kati ya matabaka. Kikitoweka, watu hutangaza kwamba yametengana kabisa, kumbe huenda udongo ni kidogo mno au mafungu yamepoteza mpangilio tu. Hadubini ya elektroni lazima ithibitishe.

Ukipita asilimia 5 hivi, mara nyingi mafungu huanza kurudi: utando hupoteza mng'ao na hukatika kabla haujanyumbuka. Hapo mimi hupunguza udongo na kurudi kwenye hatua ya kukoroga.