Usiniletee bukta peke yake, njoo na baiskeli

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja kwenye banda langu la cherehani hapa Mabatini, Mwanza, na bukta tatu za kuendeshea baiskeli, zote zimetoboka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo una nini?"

Akazitandaza mezani. Nikazigeuza ndani nje, nikazilaza moja juu ya nyingine, na matobo yakaangukiana: paja la kushoto, upande wa ndani, vidole vinne chini ya mshono wa kati. Bukta tatu, rangi tatu, tobo lile lile. Nikamuuliza baiskeli iko wapi.

"Nimeiacha nyumbani. Si nguo tu mama ndiyo zimechakaa?"

Nikamrudisha akailete.

Nguo ikizeeka huzeeka yote: hufifia, hulegea, hupwaya mwili mzima. Tobo linalorudi mahali pamoja lina kitu kinacholitoboa, na kitu hicho kiko kwenye baiskeli. Ukitia kiraka bila kukitafuta, umekipa kitambaa kipya cha kula. Inaniuma kuona mtu anarudi mtumbani kila miezi michache kununua bukta wakati dawa yake ni mkasi na dakika kumi.

Kukitafuta ni rahisi. Chukua soksi ndefu ya nailoni, ile nyembamba ya kike, uivae mkononi. Pitisha mkono taratibu kwenye siti yote, juu, pembeni na chini ya kingo, halafu kwenye nguzo ya siti, boliti yake, karia, na kila mahali mguu unapopita. Soksi hunasa hata pale ambapo kiganja kinaona laini. Ikinasa, usiivute. Inama uangalie.

Kwenye baiskeli ya yule kijana soksi ilinasa chini ya siti, kwenye kamfuko ka vifaa. Mkanda wake wa velkro ulikuwa mrefu kupita kiasi, ncha imejitokeza na upande wa vindoano umetazama pajani. Mtu anayekanyaga mizunguko 70 kwa dakika, paja lake linapita pale mara 4,200 kwa saa moja. Nikaikata ncha, nikaigeuzia ndani, juu yake nikashonea kipande cha tyubu kuukuu. Kesi kama hiyo naikuta pia kwenye zile kamba za plastiki za kubania nyaya: watu huzikata zikabaki na ncha kali kama wembe. Zikatwe karibu kabisa na kifundo, kisha kifundo kigeuzwe upande usiopitiwa na mguu.

Siti yenyewe ndiyo mlaji mkubwa. Ngozi ikipasuka, au uzi wa mshono ukisimama, inakuwa msasa. Wengi huivika kifuniko cha sponji, lakini kifuniko kilicholegea huteleza huku na huku na kusugua zaidi kuliko siti tupu. Kikazwe kisicheze hata kidogo. Na mchanga! Mchanga wetu wa Mwanza ni miamba hii hii iliyomeguka, chembe ngumu zenye pembe. Baiskeli ikilala nje usiku mmoja wa upepo, siti inaamka na vumbi hilo, wewe unalikalia na kulisugua hadi Nyegezi. Kitambaa kibichi mara moja kabla ya kupanda kinatosha.

Kama nguo inalika makalioni pande zote mbili sawasawa, angalia urefu wa siti. Panda, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama. Siti iliyo juu mno inakufanya uyumbe kushoto na kulia kila unapokanyaga. Wale wanaopanda kilima cha Bugando wakisimama na kukaa, kusimama na kukaa, mara nyingi huwa na mchaniko mbele kidogo, pale pua ya siti inaponasa bukta wakati wa kukaa. Kaa ukiwa umejisogeza nyuma.

Mguu wa kulia wa suruali ni wa cheni, hilo kila mtu analijua, na kibanio au soksi iliyovutwa juu ya pindo hulimaliza. Wasichojua wengi ni kwamba ule weusi wa grisi una unga wa chuma na mchanga ndani yake. Ukiufikicha kwa maji, unasaga nyuzi. Paka sabuni ya maji ya vyombo nguo ikiwa bado kavu, uache kidogo, ndipo usuuze.

Jezi yenye vinundu mgongoni ni kazi ya begi. Kaza mikanda lisicheze, au vitu vyako vihamie kwenye karia.

Nyumbani nako kuna makosa. Taiti na bukta za kuvutika hazitaki jiki, kwa sababu inaua ule uzi wa kuvutika. Na tafadhali, msizianike juu ya mawe. Najua Mwanza ndivyo tunavyoanika, jiwe liko mlangoni na lina joto zuri, lakini jua kali linaumiza uzi huo, na ukiivuta nguo kutoka kwenye jiwe unaiparuza. Kamba ya kivulini inatosha, nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Kiraka kitangulie tobo. Inua bukta dirishani. Ukiona mwanga unapenya mahali pamoja kuliko kwingine, niletee wiki hiyo hiyo. Kiraka nakikata duara, maana pembe hubanduka, na nakishona kwa zigizaga, kwa kuwa mshono ulionyooka hukatika nguo ikivutika.

Za yule kijana nilizishika dirishani moja moja. Mbili zilikuwa na uhai. Ya tatu ilikuwa imeisha makalioni, ila ubavuni bado mpya, basi nikaikata ikawa viraka vya wenzake.