Uso namba 6 ulihamia wapi? FreeCAD 1.0 na nyumba ya beringi ya boti

Mwangaluka wadau. Wiki iliyopita nilikuwa nachora kwenye FreeCAD, programu ya kuchora vipuri kwenye kompyuta, nyumba ya beringi ya boti moja ya mizigo inayokwenda Ukerewe, kitu cha kawaida tu, flanji ya duara mm 140, katikati tundu la beringi 6207 (35 ndani, 72 nje, unene 17), bolti nne, nipeli ya grisi ubavuni. Nikamaliza, nikamtumia mzee mwenye boti picha WhatsApp, akajibu "safi fundi". Asubuhi yake huyo hapa karakanani Nyakato, Mwanza, mkononi ana kipande cha boksi kakikata na mkasi. "Kijana wangu hii haikai, inagonga taruma, hizi mbavu za boti. Upande huu punguza kidogo." Hiyo kidogo nikaipima kwa venia, mm 10.

Asiyechora atasema si unakata tu. Aisee, zamani hapo ndo jasho lilikuwa linanitoka.

Iko hivi. Modeli ya solidi siyo picha, kompyuta inashika mwili wenyewe, nyuso zake, kingo zake na pembe zake, na inajua upande upi chuma upande upi hewa, ndo maana inaweza kukutajia uzito hata kabla hujanunua chuma. (Na ndo maana ukiniletea STL, lile faili la vipembetatu, unataka nichonge kwenye CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, nitakurudisha ukalete STEP, faili linalobeba nyuso zenyewe, tusilaumiane.) Mwili huo unajengwa hatua kwa hatua: unachora sketchi, unainyanyua inakuwa kipande, unachora tena juu yake, unachimba, unapiga chamfa, yaani unakata ukingo kwa mshazari. Hatua zote zinabaki kwenye mti pembeni ya skrini, ukitaka kubadili unarudi nyuma unabadili, mbele inajipanga yenyewe. Mtindo huu ulishika kasi na Pro/ENGINEER mwishoni mwa miaka ya 80 na mpaka leo programu nyingi ziko hivyo. Kuna njia nyingine ya kusukuma na kuvuta nyuso moja kwa moja bila historia, ni nzuri lakini leo siyo hadithi yangu.

Shida ya FreeCAD ilikuwa kwenye majina. Injini yake ya jiometri, Open CASCADE, inakupa nyuso kwa namba za mpangilio, 1, 2, 3. Sasa tundu la beringi mi nimelichora juu ya uso namba 6, programu inaandika "tundu liko juu ya namba 6", basi. Nikirudi kwenye sketchi ya kwanza nikakata duara upande mmoja, unazaliwa uso mpya bapa, namba zinasogea, namba 6 sasa ni ubavu. Niliwahi kufanyiwa hivyo na toleo la 0.20 kwenye kifuniko cha pampu: nimebadili mstari mmoja, tundu likahamia ubavuni, chamfa ikarukia ukingo wa nje, mti mzima ukajaa alama nyekundu, na kazi ya saa tatu nikaianza upya usiku umeme ukiwa unarudi na kukatika.

Toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 ndo likaja na dawa. Fikiria foleni ya kivuko cha Kamanga. Ukiitwa kwa namba ya foleni, mtu akichomekea mbele yako we tayari ni mtu mwingine. Ila ukiitwa mtoto wa mzee fulani wa Sengerema, wachomekee hata kumi bado ni wewe. Sasa hivi kila uso na kila ukingo unabeba ukoo wake, umezaliwa na mstari upi wa sketchi ipi, kwa hatua gani. Nilipokata ile mm 10 tundu la beringi halikusogea hata nywele, bolti nne ziko palepale. Kilichokufa ni chamfa ya ukingo wa nje, kwa sababu lile duara lenyewe nilikuwa nimelikata na ukoo wake ukakatika nalo, nikachagua ukingo upya, sekunde kumi. Kwa hiyo msidanganyane kwamba tatizo limeisha, limepungua. Ukifuta mstari ukachora mwingine palepale, kwa programu huyo ni mgeni. Sogeza, usifute.

(Kijana wangu mpya alikuwa kiwanda cha samaki, nikamwambia weka fileti kona hii, yaani iviringishe isiwe kali, akacheka, kwake fileti ni minofu ya sangara.)

Kingine cha 1.0 nilichokipenda ni VarSet, kikapu cha vipimo. Nimeweka shafti 35, beringi 72, unene 17. Akija mwenye shafti ya 40 naweka beringi 6208, yaani 40, 80, 18, mti unajipanga. Halafu yote haya bila bando, laptop haina intaneti na kazi inaendelea.

Upande wa CAM, yaani kuipangia CNC njia ya kisu, nawasihi msilale. Njia ya kisu nayo inachaguliwa kwa uso, modeli ikibadilika fungua kila operesheni uangalie imeshika wapi, endesha simulesheni ndo utoe G-code, zile amri zinazoiendesha mashine, kisu kikiingia kwenye jiliwa ya mashine hakuna kurudi nyuma. Na modeli inasema 72 kamili wakati beringi inataka tundu la kiwango cha H7, yaani kuanzia 72.000 mpaka 72.030, kisu kilicholika hakijui hayo. Mi nachonga mpaka 71.5 kwenye milingi, namalizia kwenye lethi huku napima.

Naandika hapa mzee kapiga tena. Anasema nipeli ya grisi ielekee juu, ilivyo sasa mkono haufiki. Haya, nyuzi 90, narudi kwenye mti.